Kununua Kompyuta Mpakato Iliyotumika Kariakoo: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kupatana Bei na Kuiandaa kwa Kazi

Ukiingia katika duka la kompyuta zilizotumika pale Kariakoo, utakuta mashine zimesimamishwa wima rafuni kama madaftari, na nyingi kati yake ni za familia tatu tu: Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, zikatumika miaka kadhaa huko ng'ambo, kisha zikauzwa kwa jumla na kuingia nchini. Kwa mwanafunzi wa chuo, mhasibu wa duka au kijana anayejifunza kuandika programu, mashine ya namna hii mara nyingi ni bora kuliko kompyuta mpya ya bei ileile, kwa sababu mwili wake ni imara, vipuri vyake vinapatikana na mafundi wa mtaani wamekwisha kuizoea. Tatizo ni kwamba mashine mbili zinazofanana kama pacha rafuni zinaweza kuwa moja ina miaka mitano ya kazi mbele yake na nyingine ni mzigo wa kubebeshwa fundi kila mwezi.

Utaratibu ninaoueleza hapa umejengwa juu ya jambo moja. Katika kompyuta mpakato kuna vitu visivyobadilishika na kuna vitu vinavyobadilishika. Prosesa iliyolehemewa kwenye bodi kuu, nenosiri la BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows) lililoachwa na mwenye mali wa zamani, usajili wa mashine kwa kampuni iliyoimiliki, na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) isiyochomoleka, hivyo vyote ukivikuta vibaya umekwisha. Betri, diski, RAM ya kuchomeka, kibodi na chaja, hivyo ni suala la fedha na bisibisi. Wanunuzi wengi hugeuza mpangilio huu: hufurahia SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 512 na kioo kinachong'aa, halafu hugundua visivyobadilishika wakiwa wamefika nyumbani. Sisi tutakagua visivyobadilishika kwanza, na vinavyobadilishika tutavitumia kushusha bei.

Kabla ya kutoka nyumbani

Kazi ya kwanza ni kuamua kizazi cha prosesa, na uamuzi huu usiufanyie dukani. Prosesa za Intel za miaka ambayo mashine hizi zilitengenezwa hutaja umri wake katika namba. Kwenye i5-8250U, tarakimu inayofuata kistari, yaani 8, ndiyo kizazi. Kwenye i7-4600U kizazi ni cha 4. Na kwenye i5-10210U, kwa kuwa namba ina tarakimu tano, kizazi ni cha 10. Hapo ndipo kibandiko cha i7 kinapowaponza watu. Ile i7-4600U ina viini viwili tu vya kukokotoa, ilhali i5-8250U ina viini vinne, kwa hiyo anayelipa zaidi kwa sababu ya kuona neno i7 anaweza kuwa amelipia kurudi nyuma.

Mpaka ninaoupendekeza ni kizazi cha 8, na sababu yake ni Windows. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada ambao Microsoft iliuweka kwa watumiaji wa kawaida ni wa mwaka mmoja, unaofika 13 Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inadai mashine iwe na TPM (chipu ya usalama) ya toleo la 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel inaanzia, kwa sehemu kubwa kabisa, kizazi cha 8, na kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, inaanzia baadhi tu ya Ryzen za mfululizo wa 2000. Mashine ya kizazi cha 6 au cha 7 haijafa kwa sababu hiyo, lakini ukiinunua ujue mapema kwamba utaitumia kwa Linux, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, na bei yake iwe inaonyesha hivyo.

Hapa nitoe tahadhari ambayo nimelazimika kuirudia kwa ndugu na jamaa wengi. Kuiona Windows 11 ikiwaka dukani si ushahidi kwamba mashine inakidhi masharti. Kuna programu huru iitwayo Rufus inayoweza kuandaa flashi ya kusakinisha Windows 11 huku ikiruka ukaguzi wa TPM na wa prosesa, na mafundi wengi wanaifahamu. Mashine itawaka na itapendeza, lakini Microsoft haiahidi kuipatia masasisho, na siku toleo jipya kubwa litakapotoka mwenye mashine atajikuta anahangaika peke yake.

Modeli tatu za mwaka 2018 zinafaa kuwa kipimo chako: ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5. Hata hivyo jina la modeli pekee halitoshi, maana baadhi ya mashine za kundi hilo zilitoka kiwandani na prosesa za kizazi cha 7, nje zikifanana na wenzake kabisa. Angalia pia habari ya RAM. T480 ina nafasi mbili za kuchomeka RAM. Ndugu yake T490, aliyemfuata mwaka 2019, ana sehemu ya RAM iliyolehemewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongezea. X1 Carbon, pamoja na wepesi na uzuri wake wote, RAM yake yote imelehemewa, kwa hiyo ukiinunua ikiwa na GB 8 utaishi na GB 8. Kwa kazi za ofisi na masomo GB 8 zinatosha kwa kubana. Kwa uhariri wa picha au uandishi wa programu tafuta GB 16, au nafasi ya kuzifikia baadaye.

Jambo la mwisho la nyumbani ni kuandaa flashi. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, pakua Linux Mint, ambayo faili lake ni takriban GB 3, kisha liandike kwenye flashi kwa kutumia Rufus. Mfumo huu unawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote ndani ya diski ya muuzaji, na ndiyo silaha kubwa kuliko zote utakazoingia nazo dukani. Ongeza erifoni za waya, kitambaa laini cha kufutia kioo, na simu yenye bando.

Kufika dukani

Nenda siku ya kazi, asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla mitaa haijafurika kiasi cha kukosa hata pa kuweka mguu. Kuanzia unaposhuka kwenye mwendokasi pale Msimbazi utapokewa na mawinga, yaani madalali wa mtaani, ambao watakuita bosi na kukuahidi mashine yoyote unayoitaja. Winga si mwizi, na wengine wanajua bidhaa kuliko wenye maduka. Lakini kipato chake ni kile kiasi kinachoongezwa juu ya bei ya duka, na mashine ikiharibika wiki ijayo huna pa kumpata. Mshukuru, pita, ingia duka lenye meza, soketi ya umeme na jina mlangoni. Mwambie muuzaji waziwazi tangu mwanzo kwamba utahitaji dakika arobaini za kukagua na kwamba utawasha mashine kwa flashi yako mwenyewe. Anayekataa sharti hilo amekurahisishia kazi. Nenda duka la pili.

Mwili

Mashine ikiwa bado imezimwa, iweke mezani na utazame kama inakaa sawasawa. Ikiyumba, au padi ya kugusia ikiwa imeinuka na kubonyea kwa shida, shuku kwamba betri imevimba, na mashine ya namna hiyo usiibebe hata kwa bei ya kutupwa mpaka betri itolewe, kwa sababu betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto. Fungua na kufunga kifuniko polepole mara kadhaa ukisikiliza bawaba; bawaba inayolia au inayoinua plastiki pembeni itavunja fremu ya kioo kabla ya mwaka kwisha. Geuza uone skrubu za chini: zikikosekana mbili tatu, au vichwa vyake vikiwa vimechakaa, fundi amekwisha kuingia humo, na una haki ya kuuliza alifuata nini.

Tazama pia mpangilio wa herufi. Mashine nyingi zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, na zilizotoka Ufaransa huanza na AZERTY badala ya QWERTY. Wauzaji hubandika stika juu yake. Anayeandika bila kutazama vidole hatasumbuka, kwani mpangilio hubadilishwa kwenye mipangilio ya mfumo. Mwingine yeyote atasumbuka kila siku.

BIOS ndiyo inayosema kweli

Mwaka 2019 nilinunua ThinkPad safi kabisa katika duka moja ambalo sitalitaja. Windows iliwaka, intaneti ilifanya kazi, nikalipa, nikarudi zangu Tabata. Usiku nilipotaka kuiwasha kwa flashi ili nisakinishe mfumo mwingine, BIOS ilinidai nenosiri la msimamizi. Muuzaji hakulijua, na aliyemuuzia hakulijua pia. Kwenye ThinkPad nenosiri hilo halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya saa kama ilivyokuwa kwa kompyuta za zamani. Msimamo rasmi wa mtengenezaji ni kwamba aliyelisahau abadilishiwe bodi kuu. Nilikaa na mashine ile miaka miwili nikiwa kama mpangaji asiyekuwa na ufunguo wa chumba kimoja.

Kwa hiyo, kabla hata ya kuiona Windows, ingia BIOS. Kwenye ThinkPad bonyeza Enter mara nembo inapotokea, kisha F1. Kwenye Dell bonyeza F2. Kwenye HP bonyeza F10. Ukidaiwa nenosiri na muuzaji hana, ukaguzi umekwisha. Ukiingia bila kuzuiwa, soma mambo manne kwa utulivu. La kwanza ni jina kamili la prosesa, ulilinganishe na ulichoambiwa. La pili ni namba ya utambulisho ya mashine, ambayo lazima ifanane na iliyoandikwa chini ya mwili. Zikitofautiana, ama mfuniko wa chini ama bodi imetoka kwenye mashine nyingine. La tatu ni kama TPM ipo na imewashwa. La nne ni sehemu ya usalama inayotaja Computrace au Absolute, yaani huduma ya kufuatilia mashine iliyopotea ambayo makampuni huinunua: ikionekana imewashwa moja kwa moja bila uwezekano wa kuizima, mashine hiyo huenda bado inahesabiwa kuwa mali ya mtu mwingine.

Dell ina fadhila ya ziada, kwani katika BIOS ya Latitude nyingi kuna ukurasa unaotaja afya ya betri kwa neno moja, kuanzia nzuri sana hadi mbovu. Na kama saa na tarehe vimerudi miaka nyuma, ni betri ndogo ya saa iliyokwisha, jambo dogo la kuombea punguzo.

Kuwasha kwa flashi

Sasa chomeka flashi, washa tena, na uite orodha ya vyanzo vya kuwashia: F12 kwa ThinkPad na Dell, F9 kwa HP. Linux Mint ikiisha kuwaka, unakagua vifaa vyenyewe badala ya kukagua mapambo ya muuzaji. Fungua kihariri cha maandishi na ubonyeze kila kitufe, kimoja baada ya kingine, bila kusahau vile vya mishale na vya pembeni. Unganisha Wi-Fi kwenye simu yako, cheza video, sikiliza spika ya kushoto na ya kulia, chomeka erifoni, washa kamera, jirekodi sauti. Hamisha flashi nyingine, au ya muuzaji, kutoka tundu moja la USB hadi jingine.

Kwenye tundu la USB-C la ThinkPad za kipindi cha 2017 hadi 2019 kaa kidogo zaidi. Programu dhibiti ya Thunderbolt, teknolojia ya kasi inayotumia tundu hilo, katika mashine hizo ilikuwa na kasoro ambayo baada ya muda huweza kuua kazi za tundu hilo, ikiwemo kuchaji katika hali mbaya zaidi. Lenovo ilitoa sasisho la kuizuia, lakini mashine iliyopita ofisini bila kusasishwa huenda imekwisha kuumia. Jaribu kuchaji kupitia tundu hilo na kuchomeka kifaa hapohapo. Likigoma, hilo si la kupunguziwa elfu ishirini, ni la kuiacha mashine.

Kioo kikague kikiwa cheupe chote, kisha cheusi chote. Picha mbili za rangi moja ulizoziweka kwenye flashi zinatosha. Kwenye weupe utaona madoa ya njano na alama za mgandamizo, kwenye weusi utaona pikseli (nukta za kioo) zilizokwama na mwanga unaovuja pembeni. Uliza pia ukubwa wa picha: kioo cha pikseli 1366 kwa 768 kinachosha macho kwa anayesoma na kuandika kutwa, na modeli hizihizi zilitoka pia na 1920 kwa 1080, kwa hiyo usikubali kuambiwa zote ni sawa.

Mwishowe fungua programu ya diski iliyomo ndani ya Mint na usome taarifa za SMART, yaani rekodi za afya ambazo diski hujiwekea. Diski ya sahani (HDD, ile ya zamani inayozunguka) yenye sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, hata kama ni chache, ihesabu kuwa haipo. Kwa SSD tazama asilimia ya uchakavu na idadi ya saa ilizowashwa. Wakati unafanya yote haya video iwe inaendelea kucheza, maana mashine iliyojaa vumbi itaanza kupiga feni kwa kelele ndani ya dakika kumi na tano katika joto letu hili, na yenye pesti ya joto (ile inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye kipoozi) iliyokauka itapungua kasi au itazimika mbele yako.

Usajili wa kampuni, na Windows yenyewe

Kuna kufuli jingine ambalo halionekani kwenye BIOS. Makampuni mengi husajili mashine zao katika mfumo wa Microsoft uitwao Autopilot, ambao hukumbuka mashine kwa alama za vifaa vyake. Mashine iliyouzwa bila kuondolewa kwenye usajili huo hufanya kazi bila shida hadi siku itakapowekwa Windows upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Hapo ukurasa wa kuanzia hutaja jina la kampuni fulani ya ng'ambo na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Njia ya uhakika ya kuligundua ni kumwomba muuzaji apige Windows upya, kama mafundi wasemavyo, huku wewe ukishuhudia hatua za mwanzo zikiwa na intaneti ya simu yako. Hilo huchukua muda, basi lipia malipo kidogo ya kuishikilia, nenda ukale wali maharage, urudi wakati wa kuweka akaunti. Kwa MacBook kipimo ni hichohicho kwa jina jingine: ukurasa wa kuanzia ukidai akaunti ya Apple ya mtu usiyemjua, irudishe rafuni.

Windows ikiwaka, shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama toleo ni 2.0. Rudia, andika slmgr /xpr, na kidirisha kitakwambia kama leseni ni ya kudumu. Ikitajwa tarehe ya mwisho iliyo miezi sita mbele au karibu na hapo, kwa mashine ya dukani maana yake karibu kila mara ni leseni ya kuchakachua inayojihuisha kila siku 180. Mashine nyingi za ofisi zina ufunguo wa Windows Pro uliohifadhiwa ndani ya bodi, kwa hiyo uchakachuaji huo haukuwa na haja hata kidogo, na mimi huuchukua kama dalili ya jinsi fundi anavyofanya kazi zake nyingine.

Betri na chaja

Fungua kidirisha cha amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa. Ndani yake tafuta mistari miwili inayofuatana, DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Wa kwanza ni uwezo wa kiwandani, wa pili ni uwezo uliobaki. Ukikuta 50,000 juu na 31,000 chini, betri imebakiwa na asilimia 62. Kwenye T480 utakuta betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa, nazo huzeeka kwa kasi tofauti. Taarifa hii huweza kudanganya kwa betri za kuigiza, kwa hiyo chomoa chaja, ongeza mwanga wa kioo, cheza video dakika ishirini. Ikishuka kutoka 100 hadi 80, una takriban saa moja na dakika arobaini za kazi ya namna hiyo. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika mchana wa kazi, hiyo ni kidogo, ila ni kasoro ya fedha tu.

Chaja isomwe, isitazamwe tu. Modeli tulizozitaja zinahitaji kwa kawaida wati 65, na chaja ya USB-C inayofaa huandika voti 20 na ampea 3.25. Dell zenye pini katikati ya plagi huitambua chaja kupitia pini hiyo. Chaja bandia isiyotambulika huifanya mashine itoe onyo, ikatae kuchaji na kupunguza kasi ya prosesa, na wapo watu waliowahi kupeleka kompyuta nzima kwa fundi kwa kosa la chaja.

Bei na risiti

Kabla ya kupatana, tembelea maduka mawili ya vipuri ya jirani uulize bei ya betri, ya RAM na ya SSD za modeli hiyohiyo. Tuseme mashine inatajwa laki saba, betri imebaki nusu na RAM ni GB 4. Usiseme "punguza kidogo". Taja gharama ya betri na ya RAM uliyoisikia leo duka la jirani, itoe kwenye laki saba, na uanzie hapo. Muuzaji anayeona umekagua kwa vipimo hujibu kwa vipimo, na mara nyingi atakubali kuweka vipuri hivyo mwenyewe kwa bei yake ya jumla, jambo ambalo kwenu nyote lina nafuu.

Kauli ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" hapa ina faida yako binafsi. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), na pamoja nayo karatasi ya duka yenye modeli, namba ya utambulisho ya mashine, idadi ya siku za dhamana na mambo yanayohusika na dhamana hiyo. Bila namba hiyo huwezi kuonyesha kwamba mashine unayorudisha ndiyo uliyouziwa, wala kujitetea iwapo itakuja kudaiwa kuwa ya wizi.

Usiku wa kwanza nyumbani

Usiingize akaunti yako ya barua pepe wala ya benki katika Windows uliyokabidhiwa. Pakua faili la Windows 11 kutoka kwa Microsoft wenyewe, na kwa kuwa ni kubwa, zaidi ya GB 5, lipakue mahali penye Wi-Fi kabla hujaanza kuhesabu bando. Wakati wa kusakinisha futa sehemu zote za diski, ili mabaki ya mwenye mali wa zamani yaondoke pamoja na lolote lililopandikizwa njiani. Mfumo ukishaunganishwa na intaneti, leseni iliyomo kwenye bodi hujitambulisha yenyewe. Kwa mashine ya kizazi cha 6 au cha 7, sakinisha Linux Mint kutoka kwenye flashi ileile. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litaendelea kuhudumiwa hadi 2029, na LibreOffice imo ndani tayari.

Kama kuna diski ya sahani, iondoe kabla ya kufikiria jambo jingine lolote. SSD ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski na bodi, husoma kwa takriban MB 550 kwa sekunde, na ya njia mpya ya NVMe (PCIe 3.0) hufika kama MB 3,500, lakini tofauti utakayoihisi zaidi ni ya kutoka kwenye sahani kwenda SSD yoyote, si ya kutoka SATA kwenda NVMe. Zote mbili huweza kuja katika umbo moja la M.2, la milimita 22 kwa 80, kwa hiyo uhakikishe tundu la mashine yako linakubali ipi. SSD za bei ya ajabu zipime kwa kuzijaza: H2testw kwa Windows, f3 kwa Linux. Iliyoandikwa TB 1 huku ndani ikiwa na GB 64 huumbuka hapo.

Kabla ya kufungua mfuniko, chomoa chaja, na kwenye ThinkPad ingia BIOS uzime betri ya ndani kwa kipengele kilichowekwa kwa kazi hiyo. Gusa chuma ili umeme tuli ukutoke. RAM ya DDR4 hutumia voti 1.2 na ile ya kizazi cha nyuma, DDR3L, voti 1.35, na pengo dogo la kwenye ukingo wa kipande halikai mahali pamoja. Isipoingia kwa urahisi si ya kwako, usiisukume. Vipande viwili vilivyo sawa ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu sehemu ya kuchora picha iliyomo ndani ya prosesa hutegemea upana wa njia ya RAM. Ukiwa humo safisha feni kwa brashi laini na ubadilishe pesti ya joto. Wakazi wa Kigamboni na Msasani, wanaopata upepo wa chumvi, wafanye hivyo kila mwaka.

Umeme wetu ni wa voti 230, na chaja hizi hukubali kuanzia 100 hadi 240, kwa hiyo hatari yake si kiwango cha kawaida bali ni ule mshtuko wa umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa, acha betri ifanye kazi yake, na urudishe chaja dakika chache baada ya taa kutulia. Kwa mashine inayokaa mezani kutwa, weka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kupitia programu ya mtengenezaji au BIOS.

Siku za dhamana zilizobaki zisiwe za kuitunza mashine. Ifanyishe kazi ngumu kuliko utakayoifanya mwaka mzima: ilaze na kuiamsha mara nyingi, cheza video saa tatu mfululizo, jaza diski na uifute, ibebe kwenye begi ndani ya daladala. Ikizimika yenyewe hata mara moja, andika saa na ulichokuwa unafanya, ifunge pamoja na chaja na risiti, na uwe Kariakoo kesho yake asubuhi, muuzaji akiwa ndiyo kwanza anapandisha geti.